Nzai na Nyundo Nyeupe

Sifa zikizidi hugeuka kamba. Nzai wa Mramba, mhunzi wa Garsen, alilijua hilo mwaka wa hamsini na tano, siku watu wa mji walipomsifu mpaka akatiwa pingu.

Alikuwa Mgiriama wa miaka arubaini na ushei, mfupi, kifua kipana kama mlango wa zizi. Baba yake alitoka pande za Marafa akaufuata udongo wa mto mpaka huku deltani, mivukuto ya ngozi ya mbuzi begani na mtoto nyuma yake. Baba alipofariki mivukuto ilibaki, na moto haukuzimika. Majembe ya Wapokomo, mikuki na kengele za ng'ombe za Waorma, kulabu za kamba ya kivuko, vyote vilipita mikononi mwa Nzai. Waorma walimchukulia kama mtu aliyezoeana na moto kupita kiasi. Mkuki wake waliununua, lakini chai yake hawakuinywa. Hakuwalaumu. Aliinywa mwenyewe.

Na alikuwa mtu wa shoto. Utotoni walimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili ajifunze kula na kusalimia kama watu, na akajifunza. Ila tupa, ile ya kusugulia chuma, ikishikwa kwa mkono wa kulia ilimkataa, ikawa inaruka juu ya chuma kama mbuzi juu ya mawe. Mwisho baba yake akamfungua kitambaa, akasema mezani uwe mtu wa kulia, kwenye fuawe ya kufulia chuma uwe utakavyo.

Labda ni kwa ajili ya mkono huo akawa na jicho lile. Aliziona nyayo za tupa kama Muorma anavyoziona nyayo za ndama aliyepotea. Wewe na mimi tukitazama jembe tunaona jembe. Yeye aliona aliyelinoa alisimama wapi, alichoka lini, na kama tupa yake ilikuwa na jino lililovunjika. Hirbo, mfugaji mmoja mbishi sana, alimletea mashoka mawili kumjaribu, moja la Nzai mwenyewe na moja la mhunzi wa Kipini, yote yakiwa yametumika miaka. Nzai hakuyagusa. Alisema hili ni langu, na lile ni la mtu mwenye maumivu ya bega. Hirbo alipofika Kipini aliuliza, akaambiwa ndiyo, mzee yule bega lilimteguka zamani. Tangu siku hiyo Hirbo akawa mpiga debe wake, na hapo ndipo balaa lilipoanza kuota mizizi.

Mwaka ule huko bara ilikuwa Hali ya Hatari. Garsen ilikuwa mbali na misitu ya vita, lakini vita visipofika sheria yake hufika. Ilisemwa kwamba mtu akikutwa na silaha isiyo yake, hata kipande chake, shingo yake haina mwenyewe. Katika boma la serikali palikuwa na bastola mbili, zikikaa ndani ya sanduku la chuma, na mwenye ufunguo alikuwa askari aitwaye Gershom, Mpokomo wa upande wa Ngao, mtu wa kanisa, nadhifu hata kivuli chake ungedhani kimepigwa pasi.

Basi akaja Inspekta kutoka Mombasa, Mzungu mwembamba mwenye orodha, kukagua silaha za serikali moja moja. Alifuatana na fundi wa silaha, Kalasinga mmoja wa ndevu nyeupe aliyebeba kisanduku cha mbao kifuani kama mama abebavyo mtoto mchanga. Sanduku la chuma likafunguliwa. Bastola ya kwanza ilikuwa nyeusi kote, kama orodha ilivyosema. Ya pili mwili wake mweusi, lakini nyundo, kile kinyundo cha nyuma kinachoigonga risasi kisogoni, ilikuwa nyeupe. Na kifyatulio, kile kinachovutwa kwa kidole, nacho cheupe. Viling'aa kama shilingi mpya.

Inspekta akamuuliza Gershom. Gershom akasimama wima kama nguzo, akasema hajui. Inspekta akamuuliza fundi wake, na fundi akageuza bastola huku na huku, akasema miaka yote hajapata kuona kiwanda kikitoa aina hii ikiwa na nyundo nyeupe. Kwa Inspekta hesabu ikawa imekwisha: mtu amevichomoa vipande halisi, amewauzia watu wa msituni, na hapa ameweka vya kienyeji. Akatoka kwenda sokoni na swali moja tu. Ni nani hapa anayejua kufua chuma?

Jamani, angeuliza ni nani mwizi asingepata jibu. Lakini aliuliza ni nani fundi. Olow, Msomali mwenye duka la pembeni, ambaye Nzai aliwahi kumchongea ufunguo wa kufuli lililomshinda, alitoka nje na kanzu yake akajibu kwa niaba ya mji mzima. Akasema fundi ni Nzai, na baada ya Nzai hakuna. Inspekta akauliza kama huyo Nzai anaweza kutengeneza kitu kidogo sana, kigumu sana. Olow akacheka.

"Nzai? Mletee chuma cha kutosha, Bwana, atakutengeneza wewe mwenyewe, na utatembea."

Hirbo naye, aliyekuwa akinunua sukari, akaongezea ya mashoka mawili. Mwanamke muuza samaki akasema ndoano zake samaki huzifuata wenyewe. Kila mtu alitoa alichokuwa nacho. Nusu saa baadaye Nzai alipita njia hiyo hiyo mikono ikiwa kwenye pingu, na soko lote likanyamaza kama limefunikwa kwa chungu.

Alilala stoo ya mahindi ya boma. Sidi, mkewe, alileta uji akarudishwa. Asubuhi wakamtoa barazani, na hapo kwenye meza, juu ya kitambaa cha kijani, fundi Kalasinga alikuwa amezifungua bastola mbili kipande kwa kipande. Skrubu ndogo kama punje za mtama, springi, pini, na katikati nyundo mbili na vifyatulio viwili, pea nyeusi upande huu, pea nyeupe upande ule.

Inspekta alisema Kiswahili cha amri. "Wewe tengeneza hii?"

Nzai alikuja na jibu lake tayari. Alikuwa amelipanga stoo, akalirudia mpaka mahindi yenyewe yakalijua. Lakini macho yake yalishuka mezani, na jibu likapotea. Alikuwa amefua chuma miaka thelathini akidhani anakijua. Hakuwahi kuona chuma kimekaa hivyo. Nyundo ile haikuzidi kidole gumba, lakini ilikuwa na mgongo, na kisigino, na shingo, na shavu lililochimbwa mistari ili kidole kisiteleze, na mguuni kibao kidogo ambacho ukikitazama tu unajua kwamba kuna mwenzake mahali fulani wa kushikana naye. Na Mzungu huyu alikuwa akimuuliza kama ameifanya yeye. Yeye, Nzai wa Mramba, na mivukuto yake ya mbuzi. Moyo ukamwendea mbio, si kwa woga peke yake. Tangu azaliwe hajapewa sifa kubwa kama ile, na kwa kitambo kidogo, Mungu amsamehe, alitamani kusema ndiyo.

"Sijui, Bwana," akasema. "Nipe niishike."

Inspekta akakataa. Fundi Kalasinga, ambaye mpaka hapo hakuwa amesema neno na mshtakiwa, akasema mpe, haina risasi, ni chuma tu. Pingu zikafunguliwa. Nzai akaipokea nyundo nyeupe kwa mikono miwili kama apokeavyo mtu kikombe cha wageni, akaielekeza juani, akafinya jicho. Alichotaka kukiona kilikuwa kidogo mno. Fundi akamtazama anavyohangaika, kisha akafungua kisanduku chake cha mbao, akatoa kioo cha kukuzia, kidogo kama kitako cha kikombe cha kahawa, akamwonyesha namna ya kukileta jichoni.

Nzai hakuwahi kutazama ndani ya kioo cha namna hiyo. Akakisogeza, dunia ikatibuka kama maji ya mto yaliyokanyagwa, halafu ikatulia, na chuma kikafunguka mbele yake kama nchi. Mng'aro wote ule ulikuwa juu juu. Kwenye pembe ya kisigino, ambapo kitambaa cha mtu hakikufika, palikuwa na mistari. Mingi, myembamba kuliko unywele, ikipinda yote pamoja kama ng'ombe mia wanaogeuka kona moja bila mmoja kumkanyaga mwenzake. Akafuata mstari mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Akafuata wa pili. Nyayo zilikuwa zile zile. Mtu akisukuma tupa huchoka kidogo mwisho wa kila msukumo, na chuma hukiandika kile kidogo. Hapa hapakuwa na uchovu. Palikuwa na gurudumu fulani lisilokula wala kulala, limepita mara moja, limeenda zake.

Akaiweka chini polepole, akaomba nyeusi.

Na ile ilikuwa nchi nyingine. Nyayo za gurudumu hazikuwepo. Zilikuwa zimefutwa, moja moja, na mtu mwenye subira isiyo na mfano, pembe zimelainishwa kama kokoto ya mtoni, na ule weusi haukuwa weusi kama alivyodhani. Ndani yake mlikuwa na samawati, imelala mbali chini, kama shingo ya kanga wa porini akigeuka juani. Akachukua na kifyatulio chake. Juu, laini. Ubavuni, laini. Akakigeuza upande wa tumbo, ule unaojificha ndani ya mwili wa bastola, ambao mwenye bastola hatauona mpaka afe. Huko nako palikuwa laini, isipokuwa mwisho kabisa, penye kona, ambapo tupa ndogo ilikuwa imepita mara tano. Misukumo mitano mifupi. Yote imeegemea upande mmoja.

Nzai akakaza kioo jichoni. Alihesabu tena. Akakizungusha kifyatulio ili asijidanganye, akasimama mwenyewe kama mtu aliye mbele ya jiliwa lililobana chuma, akasukuma tupa ya hewa. Kulia, haikukubali. Kushoto, ikakaa.

"Huyu ni wa shoto," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu bwana ni shoto kama mimi."

Ndipo kinywa kilipomponza kuliko soko zima. Inspekta aliruka toka kitini. Akauliza amesema nini, Gershom akalazimika kutafsiri vizuri, na Inspekta akagonga meza, skrubu zikaruka. Basi amekiri. Mkono wake umo kwenye bastola zote mbili. Akaagiza pingu zirudi.

Fundi Kalasinga akainua kiganja. Akasema Bwana tuliza, kile cheusi kina namba ya kiwanda na muhuri wake, na kinalingana na mwili wa bastola, hakijaguswa na mtu tangu kitoke kwao. Kisha akamgeukia Nzai, na sauti yake ikawa ya mtu aulizaye kitu anachotaka kweli kukijua.

"Mimi nimekifungua hiki mara nyingi. Hayo ya shoto sijayaona. Nionyeshe."

Nzai akamwonyesha. Vichwa viwili vikainama juu ya kioo kimoja, cha kilemba na cha mvi. Fundi akatazama sana. Akanyoosha mgongo, akapangusa kioo kwa ncha ya kilemba, akatazama tena. Kisha akamweleza Inspekta kwa Kiingereza, na Nzai kwa Kiswahili, kwamba bastola hizi ni za aina moja lakini si za wakati mmoja. Ile ya kwanza ilitoka wakati wa amani, mtu akipewa nyundo moja na siku nzima ya kukaa nayo. Ya pili ilitoka wakati wa vita vya Hitla, mashine ikikata nyundo kama mashine ya kusaga itoavyo unga, hakuna wa kuzifuta nyayo. Kwa hiyo tofauti ya nyayo si wizi. Lakini, na hapo akapunguza sauti, hata zile za vita zilitiwa weusi kabla ya kutoka. Weupe huu hawezi kuueleza.

Inspekta akasema basi, hilo ndilo swali, na swali linabaki na shingo ya huyu.

"Bwana," Nzai akasema, "hii nyeupe haikufanywa na mtu, imefanywa na mashine yenye haraka. Mimi sina mashine. Ukitafuta mhunzi wa kunyonga, mtafute huyu wa shoto aliyefanya nyeusi. Yeye ni fundi kuliko mimi."

Fundi Kalasinga akakohoa ndani ya ndevu. Inspekta hakucheka. Akauliza tena, weupe umetoka wapi?

Nzai akairudia nyundo nyeupe, safari hii kwa pua. Chuma hunuka damu. Hiki kilinuka jikoni. Akagusa ulimi kwenye mfereji mwembamba wa shavu. Uchachu, na punje ya jivu ikakwaruza jino. Hapo akajua yote mara moja, kwa sababu kila mwanamke wa mto huu anapotaka bakuli lake la shaba liende harusini kama jipya, hulipaka ukwaju, akaliacha, akalisugua kwa jivu. Akainua macho. Nyuma ya Inspekta alisimama Gershom, na kifuani mwake vifungo vya shaba viling'aa mng'aro ule ule. Uso wake ulikuwa umekauka kama ngozi iliyoanikwa.

Nzai alimtazama, kisha akatazama pengine. Akaomba ukwaju.

Ukaletwa kutoka dukani kwa Olow. Fundi akatoa katika kisanduku chake skrubu moja nyeusi ya akiba. Nzai akaifunika kwa ukwaju uliolowekwa, akasema tungoje. Wakangoja. Inspekta akanywa chai yake ya saa nne bila kuionja. Nzai alipoifunua skrubu, ukwaju ulikuwa umegeuka wino, na aliposugua kwa jivu mara tatu, ikatoka nyeupe kama jino la mtoto. Akaiweka kando ya nyundo. Zikawa mtu na dada yake.

Inspekta akaitazama muda mrefu. Kisha akauliza lililobaki. Nani?

"Mimi ni mhunzi, Bwana. Ya chuma nimekwambia. Ya watu si kazi yangu."

Kivukoni watu walisikika wakivuta kamba. Inspekta alianza kusema kwamba mpaka apatikane mtu, mhunzi hatoki, na ndipo Gershom akapiga hatua moja mbele, akasimama saluti.

"Ni mimi, Afande," akasema. "Kila asubuhi naambiwa ng'arisha vifungo, ng'arisha mkanda, ng'arisha viatu. Mafuriko yakaleta kutu kwenye nyundo na kifyatulio. Nikaitoa kutu. Nikaona weusi nao ni uchafu, nikautoa. Ukwaju ukaniishia kabla ya mwili wake na ile bastola nyingine. Nilidhani utafurahi."

Fundi Kalasinga aliwageuzia wote mgongo, na mabega yakaanza kumcheza. Inspekta akatazama vifungo vyake mwenyewe. Hakuna sheria ya Hatari iliyotaja ukwaju. Gershom alinyang'anywa ufunguo siku hiyo hiyo akapelekwa kuvuta kamba ya kivuko, na akavuta kwa furaha ya mtu aliyeliona kaburi likamkataa.

Nzai akaambiwa aende. Hakwenda. Alisimama pale pale mpaka Inspekta akaingia ndani, kisha akamuuliza fundi kitu kilichokuwa kikimsumbua. Je, ile ya amani hupiga vizuri kuliko ile ya vita?

"Sawa sawa," fundi akasema, huku akirudisha springi mahali pake. "Risasi haiulizi imegongwa na nani."

"Basi kwa nini alilainisha tumboni? Hakuna atakayeona."

Fundi aliishika ile nyundo nyeusi, akaitazama kama anaiaga. Akasema yeye mwenyewe hajui, kwao Punjab baba yake alikuwa hivyo hivyo, na mama yake akimgombeza kwa hilo mpaka mwisho. Halafu akamnyooshea Nzai mkono wa kushoto. Mtu mzima, mbele ya boma, anakupa mkono wa kushoto. Nzai alisita, akatazama kulia na kushoto kama mwizi, akautoa wake, wakashikana.

Nje ya ua Sidi alikuwa amekaa chini tangu alfajiri, na Olow karibu naye, ambaye tangu jana hakuwa amemsifia mtu hata mmoja. Sidi alisimama akamshika mumewe shingo kwa vidole, akaipapasa pande zote kama anunuaye mbuzi. Nzai akaanza kumweleza hapo hapo. Akamweleza ng'ombe mia wanaogeuka kona, na shingo ya kanga ndani ya weusi, na yule bwana wa ng'ambo, ambaye labda naye walimfunga kitambaa, aliyetumia misukumo mitano mahali pasipo na macho.

"Baba Mbodze," Sidi akasema, "sijala siku mbili. Nimekunyonga na kukuzika moyoni mara ngapi, na wewe unaniambia habari za tumbo la kifyatulio?"

Akasema ndiyo. Akasema lilikuwa laini, Sidi, laini kabisa, na hapakuwa na mtu wa kuliona. Akamwonyesha kwa kidole hewani lilivyopinda. Sidi akautazama mkono ule wa kushoto unavyokwenda, akaona machozi yanamtiririka mumewe wala hana habari nayo. Akamwambia Olow atangulie awashe moto. Wao wakafuata taratibu kwa njia ya mto, yeye akiendelea kueleza, na Sidi akiuliza, kidogo kidogo, sasa hiyo samawati ilikuwa chini kiasi gani.